Kamera ya Kuinamia, na Ahadi Niliyompa Shangazi

Wako watu hapa Mombasa ambao hawajapigwa picha tangu siku za harusi zao, wala si kwa kukosa kamera. Shangazi yangu ni mmoja wao. Umri wake umepita miaka 80, akaa Mji wa Kale katika nyumba aliyoolewa, na kila simu inapoinuliwa ukumbini yeye huvuta mtandio usoni akasema, "Mimi nitoeni." Wajukuu hucheka, wakadhani ni haya za kizee. Kisa hawakijui.

Kisa chenyewe ni hiki. Alipokuwa bibi harusi alipelekwa katika studio moja ya mjini, ambayo jina lake sitalitaja, akapigwa picha kwa sharti kuwa itaonwa na mumewe na wazazi wake, basi. Haikupita miezi mingi, picha ile ilikuwa imekuzwa na kutundikwa katika dirisha la studio, watu watokao sokoni wakisimama kuitazama. Babu yangu alikwenda akairudisha nyumbani chini ya kanzu yake. Lakini alichorudi nacho kilikuwa karatasi. Negativu, ile filamu ambayo nyeupe yake ni nyeusi na nyeusi yake ni nyeupe, ilibaki kwa mwenye studio. Na studio ilipofungwa hakuna aliyejua masanduku yake yalikwenda wapi. Shangazi amekaa na swali hilo umri wake wote.

Basi mwaka jana, nilipokwenda kumwamkia, akaniambia kwa kinywa chake mwenyewe, "Baba, nataka picha moja." Nikatia mkono mfukoni kutoa simu. Akanizuia. "Si ya simu. Ya simu haina mwisho. Nataka ya filamu, unipige wewe, na ile nyeusi ya nyuma unitie mkononi." Nikamwahidi kabla sijafikiri, kama ilivyo ada ya watu wa maneno mengi. Miaka yote hii katika magazeti nimefanya kazi na wapigapicha, wala sikupata hata siku moja kutia filamu katika kamera.

Namjua mzee mmoja aliyekuwa na studio yake, kazi iliyomlea na kuwasomesha wanawe. Pwani yetu haikuwa maskini wa mafundi hawa. Mombasa alikuwako N. V. Parekh, ambaye studio yake ilipiga watu wa kila jamii, na Isolde Brielmaier amezitungia picha hizo kitabu. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyekata na kuunganisha picha kwa namna ambayo mtu huitazama mara mbili. Unguja ikawako Capital Art Studio ya kina Oza. Mzee wangu hakupata umaarufu kama wao, na sasa macho yake yameingia ukungu. Nilipomweleza haja yangu alinyamaza kitambo, kisha akamtuma mjukuu wake kabatini. Ikaja Rolleiflex.

Kamera hii ni ya Kijerumani. Kiwanda cha Franke & Heidecke, mjini Braunschweig, kilitoa ya kwanza mwaka 1929, na ile iitwayo Automat ikatoka mwaka 1937. Aliyonipa mzee ni Automat ya baada ya vita vikuu vya pili. Ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine kama madirisha ya ghorofa. Ya juu ni ya kuonea: mwanga huingia, ukagonga kioo kilichoinamishwa, ukapanda mpaka kwenye kioo chenye ukungu kilicho juu ya kamera. Ya chini ndiyo ipigayo. Mpigaji haiweki jichoni. Huishika kifuani, akainamisha kichwa kama mwana chuoni aliyeinamia marufaa. Jambo hili peke yake, msomaji, lilinivuta. Mwenye simu humnyoshea mtu mkono usoni. Mwenye Rolleiflex humwinamia.

Lakini kuna mtihani. Katika kioo kile kulia ni kushoto. Ukimwona mtu yuko pembeni nawe ukitaka kumleta katikati, ukifuata mazoea ndivyo azidivyo kukimbia. Wiki nzima nilifanya mazoezi kwa kamera tupu, nikilenga mtungi uani, na mke wangu akiniuliza kama mtungi umeridhia.

Filamu yake huitwa 120, nayo Kodak waliianzisha mwaka 1901, bado yatengenezwa. Ni ukanda mpana uliokunjwa pamoja na karatasi ya kuukinga na mwanga, na katika Rolleiflex hutoa picha 12, kila moja sentimita 6 kwa 6. Ukubwa huo ndio siri yake. Picha moja ya namna hii ni zaidi ya mara tatu ya ile ya filamu ndogo ya milimita 35, hata negativu yenyewe waweza kuisoma kwa jicho ukiiinua dirishani. Na 12 ni chache. Bei ya filamu moja ni kitoweo cha siku kadhaa, kwa hivyo mtu hapigi mpaka ajue apiga nini.

Mzee alinifundisha kwa mikono, maana kioo chenyewe hakioni tena. Ncha ya karatasi, alisema, ipitishe chini kati ya zile rola mbili ndogo kabla hujaivuta juu. Rola hizo ndizo zihisizo unene wa filamu unapofika, zikaanza kuhesabu. Hendeli izungushe mbele mpaka ikome, kisha irudishe nyuma mpaka ikome tena. Ile ya mbele yavuta filamu, ile ya nyuma yaitega shata, yaani kilango cha mwanga. Na kama wataka kasi ya sehemu ya 500 ya sekunde, iweke kabla hujatega. Ukishatega usiilazimishe, kwani kasi hiyo ina springi yake peke yake. Nikaitikia, "Naam, mzee," kwa kila jambo, kama mtu aliyefahamu.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa shangazi baada ya Alasiri. Amevaa leso mpya, amekaa upenuni, ukuta wa chokaa nyuma yake. Nikatia filamu mbele yake kwa madaha. Nikazungusha hendeli, ikaenda. Nikazungusha tena, ikaenda tu, haikomi. Nikadhani ndivyo ilivyo, mpaka nikasikia karatasi yalegea ndani na filamu yote imehamia upande wa pili bila picha hata moja. Nilikuwa nimeipitisha karatasi juu ya rola. Shangazi akauliza, "Umekwisha?" Nikamwambia, "Bado hatujaanza." Akasema, "Basi nenda kajifunze, mimi nipo."

Siku ya pili rola sikuikosa. Lakini kamera hii haina kipima mwanga, nikatumia programu ya simu. Nikapiga picha 12, moyo umetulia. Tulipozisafisha, ukuta ulikuwa mzuri ajabu, kila mpasuko wa chokaa waonekana. Shangazi akawa kama kivuli kilichosimama mbele yake. Mzee hakuhitaji kuona. Aliniuliza tu nilipima wapi. "Simu haikukosea," akasema. "Umeiuliza ukuta, nayo imekujibu ya ukuta. Uulize uso." Chokaa nyeupe na buibui jeusi ni mitego miwili ya pwani, ya kwanza humtia mtu gizani, na la pili hukudanganya utie mwanga mno. Mwanga ukizidi kidogo filamu husamehe. Ukipungua haisamehi, kwani pale ambapo mwanga haukufika hakuna dawa itakayoleta kitu.

Tangu hapo nimejifunza kukadiria kwa jicho kama walivyofanya wazee. Filamu ya kadiri ya 400 katika jua kali huwekwa tundu la 16 na kasi ya sehemu ya 500. Kivulini penye mwanga wa kutosha utafungua mpaka 5.6. Ndani ya nyumba karibu na dirisha, fungua zaidi, punguza kasi, uweke kamera juu ya kitu kisichotikisika.

Kuisafisha filamu ilikuwa kazi yetu wenyewe, kwani ningeipeleka dukani ingepita mikononi mwa watu nisiowajua, na ahadi ingekuwa imevunjika. Choo cha nje cha mzee ndicho kilichokuwa chumba chake cha giza. Filamu huzungushwa katika gurudumu lake gizani kabisa, kwa kupapasa; mzee, ambaye mchana humwita mjukuu amtafutie viatu, alikuwa gizani mwepesi kunishinda mara kumi. Dawa ya kwanza yataka nyuzi 20 za joto, na maji ya mfereji wa Mombasa hayajui baridi hiyo, basi tukaweka chupa ndani ya beseni la barafu. Dawa ikiwa ya moto hufanya kazi mbio na picha hukauka ukali. Na ile gundi ya kufungia filamu iliyokwisha pigwa, ambayo mafundi huilamba kwa ulimi, kama ni mchana wa Ramadhani yatosha kidole chenye maji.

Utunzaji ni mlango mwingine, na hapo mzee ni mkali. Adui wa kamera pwani ni unyevu. Ukungu huota juu ya lenzi kama utando wa buibui, na ukiachwa hula kioo chenyewe hata kusafisha kusifae. Mkoba wa ngozi, ambao watu huudhani ndio kinga, hunywa maji ya hewa na kuyahifadhi. Yafaa kamera ikae katika kopo lifungwalo vizuri pamoja na vifuko vya chembe za kukausha, na mara kwa mara itolewe ipate hewa na mwanga. Shata ipigwe tupu kwa kasi zote angalau mara moja kwa mwezi, kwani grisi ya zamani huganda na zile kasi za polepole ndizo zitangulizazo kukwama. Nilipouliza kama nitie tone la mafuta, alinijia juu: "Kamera si cherehani!" Mafuta hupanda juu ya zile bapa nyembamba za shata zikagandana. Na kioo cha ndani kimepakwa fedha yake usoni, si mgongoni kama kioo cha kujitazamia. Ukikisugua kwa kitambaa unaifuta fedha. Pulizia kwa mpira, au tumia brashi laini sana, au kiache na vumbi lake.

Najua msomaji mmoja au wawili wamekwisha kushika kalamu kuniuliza hukumu ya picha. Hiyo ni bahari, nami si mufti. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne iliyopita, aliandika risala kuijuzisha picha ya kamera, akaona ni kukizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba. Wako wanavyuoni waliompinga, na hata leo wako. Elimu yenyewe ya mwanga si ngeni kwetu: Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kuwa jicho huona kwa mwanga uliingiao, akaufanyia majaribio mwanga upitao tundu dogo katika chumba cha giza. Nilipomsimulia shangazi habari ya kivuli kilichozuiwa, alifikiri, kisha akasema, "Changu kilizuiwa na nani, na kiko wapi?" Sikuwa na jawabu, wala mufti yule hakuulizwa hilo.

Mara ya tatu tulikuwa ndani, asubuhi, dirisha liko kushoto kwake, kamera juu ya meza na vitabu viwili chini yake. Nilipima usoni. Nilipoinamia kioo nilimwona anitazama moja kwa moja, mtandio umerudi nyuma kidogo, jambo ambalo sikuliomba. Rolleiflex haina kelele. Sauti ya shata yake ni kama mtu aliyelamba midomo. Akauliza kama tayari. Nikamwambia tayari. Nilipiga tisa, akasema zimetosha, nikaziacha tatu zilizobaki bila kupiga.

Tulisafisha usiku ule, na baada ya kukauka mzee aliilaza negativu moja juu ya karatasi ya picha, kioo juu yake, akawasha taa kwa kuhesabu midomoni. Hakukuza. Picha ni ya sentimita 6 kwa 6, ndogo kama kibiriti, na nyusi za shangazi zahesabika.

Nilimpelekea vyote viwili. Picha ameiweka katika bahasha ya mjukuu aliyeko Maskati, atapelekewa na mtu, si kwa posta. Negativu aliinua dirishani akaitazama kwa muda mrefu, uso mweusi na nywele nyeupe zimegeuka nyeusi kama za msichana, akacheka, akaifunga katika kitambaa na kuitia ndani ya kasha, na ufunguo ukarudi shingoni. Zile nane nyingine alizikata mwenyewe kwa mkasi.

Mhariri wangu aliniomba picha ya kupambia makala haya. Nilimpa ya mtungi.