Alphonce wa Kisii: Jina la Wagothi

Msomaji, ukienda bara ukafika Kisii na Nyamira, kwenye migomba na mashamba ya chai, hutakosa kukutana na mtu aitwaye Alphonce. Mimi nimekutana nao kadha wa kadha, na kila nikiwauliza maana ya jina hilo hunijibu: "Ni la ubatizo tu." Lakini muulize mwanamke wa huko aitwaye Nyanchera, atakueleza papo hapo. Enchera ni njia kwa Kikisii, na jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa mama yake akiwa njiani. Huenda Nyanchera wa leo hakuzaliwa njiani, kwani Wakisii huwarithisha watoto majina ya wazee waliofariki. Hata hivyo maana ingali yasikika.

Basi Alphonce latoka wapi? Asili yake ni Wagothi, watu wa Ulaya waliotawala Hispania baada ya dola ya Warumi kuanguka. Wataalamu wengi husema limeungwa kwa maneno mawili: la kwanza ni nasaba bora, la pili ni kuwa tayari. Kwa Kiswahili chetu tungesema "muungwana aliye tayari". Wapo pia wasemao kuwa neno la kwanza lilikuwa vita.

Wagothi hawa si wageni katika tarehe ya Uislamu. Mfalme wao Roderic, ambaye Waarabu humwita Ludhriq, ndiye aliyeshindwa na jeshi la Tariq bin Ziyad mwaka 711. Baadaye damu zilichanganyika. Ibn al-Qutiyya, mwanahistoria wa Kurtuba aliyefariki 977, jina lake maana yake ni "mwana wa mwanamke wa Kigothi", kwa kuwa alikuwa wa kizazi cha Sara, mjukuu wa mfalme Witiza.

Na Alfonso wa Sita, aliyeutwaa mji wa Tulaytula mwaka 1085, Waarabu walimwandika Adhfunsh. Dhali hiyo haikuingia kwa bahati mbaya, maana hati za Kilatini za zama hizo nazo zaandika Adefonsus. Kalamu ya Mwarabu imetuhifadhia sauti ambayo Wahispania wenyewe waliiacha.

Hapa Pwani jina hili lilitangulia kufika, tena kwa mizinga. Afonso de Albuquerque, Mreno, alikuwamo katika msafara uliouteketeza mji wa Barawa mwaka 1507, na mwaka huo huo akaishambulia Maskati. Kisii lilifika kwa maji ya ubatizo. Wamisheni Wakatoliki wa Mill Hill walianzisha misheni Nyabururu mwaka 1911, na waumini wakapewa majina ya watakatifu. Mmoja wa watakatifu hao ni Alphonsus Liguori wa Naples, aliyefariki 1787.

Jina ni moja, na mwenye kulichukua Kisii hana deni la Albuquerque. Ninalosikitikia ni jingine. Lugha ya Wagothi imekufa, hakuna tena mama abembelezaye mtoto kwa lugha hiyo, na ndiyo maana Alphonce limebaki sauti tupu masikioni mwa mwenyewe. Nyanchera lasema kwa sababu Kikisii kingali kikisemwa jikoni na shambani. Siku watoto wa Kisii na Nyamira watakapokiacha, Nyanchera nalo litanyamaza, na atakayeulizwa maana yake atajibu kuwa ni jina tu.