Noti Ziko na Luku, Lakini Nani Amesoma?

Ingia TikTok wiki ya mitihani za campo uone comrades wamegeuka maprofesa. Meza imepangwa, mshumaa unawaka, kalamu za rangi zimelala laini, na saa ya dakika 25 inahesabu kwa kona. Dem anaandika kichwa ya topic na herufi zimejipinda ka kadi ya harusi. Luku iko, manze. Swali ni ka amesoma ama amechora.

Lakini siwezi wadiss sana. Simu ikiwa ndio kamera, hauezi scroll. Wasee wanakucheki live, so hata kuishia kupika indomie unaona haya. Hio peke yake ni form.

Noti zenye hupitisha watu, sasa, hazikuangi supa. Ziko kwa grupu ya klasi WhatsApp na zimekaa vibaya: page imepigwa picha ikiwa imeinama, kidole gumba cha mwenye simu kiko kwa kona, chini kumeandikwa CamScanner, na juu WhatsApp inakushow hii kitu imefowadiwa mara mob. Page ya sita haiko. Ukiuliza, grupu kimya. Baadaye mtu anatuma stika.

Alafu kila klasi iko na yule msee mmoja. Saa nane usiku, juu bundles za usiku ndio bei poa, anadrop voice note ya uhasibu, mbwa za Juja zikibweka nyuma: "Skizeni. Umebuy tokeni za stima za soo mbili. Doh imetoka, si ndio? So cash unacredit. Stima ni gharama, hio unadebit. Imeisha." Lec alitumia masaa mbili kwa hio kitu.

Na mwenye anagain zaidi hapo ni huyo msee wa voice note. Akieleza ndio anajua penye hashikangi. Sisi wengine tunasave PDF, tunalala tukijiskia tumesoma, na hio faili haifunguliwangi hadi simu ijae.

Kuna pia ile ngori ya Telegram, wasee wakiuza paper za KCSE kabla ya mtihani. Novemba 2024 Telegram iliblokiwa Kenya masaa za paper, na hadi wenye wanatumianga kusoma wakakwama. Wakora wa hio biashara nao ni wale wale: unatuma ganji M-Pesa, namba inazimwa, paper ni ya uongo.

Tukirudi kwa noti, mbogi ingine ya wahasibu imekuja na sheria: ukitaka PDF, kwanza udrop voice note ukieleza swali moja. Haijalishi umekosea, wasee watakurekebisha hapo hapo. Siku ya kwanza watu walilia, wengine wakatoka grupu wakidai wanadharauliwa. Wiki ya CAT walirudi mmoja mmoja kwa inbox ya admin, wakiuliza link.