Lori Likikugonga, Usikimbilie Kusaini
Siku ya tatu baada ya lori kumgonga mzee wangu hapa Texas, mtu wa bima ya kampuni ya lori alipiga simu: saini, upewe hela kidogo, yaishe. Mzee kalamu mkononi. Nikamwambia, “Baba, subiri kwanza.”

Sheria ya Marekani inamruhusu dereva wa lori la mizigo kuendesha masaa 11 tu, akishapumzika 10 mfululizo. Kifaa ndani ya lori kinarekodi. Ila kampuni inalazimika kutunza rekodi hizo miezi 6 tu. Zikifutwa, nani atajua dereva alikuwa hajalala? Wakili wetu aliandika barua mapema zihifadhiwe; malipo yake yatakatwa kwenye fidia, tukishinda.

Wazazi wetu hawapendi kesi, najua. Waambieni mapema: wasisaini kabla ya kumwona wakili.