Kigari Kipandacho Majabali

Mzazi amnunuliaye mwanawe gari la rimoti aghalabu huuliza kwanza lakimbia mbio gani. Lakini kwa kigari cha kupanda majabali swali hilo halina maana, maadamu hiki hakikuundwa kukimbia bali kutambaa, na huo upole wa mwendo ndio siri ya umri wake, kwani hata kipindukapo hupinduka taratibu kama kobe, mtoto akakiinua akaendelea.

Mfano wake ni SCX24 ya kampuni ya Axial, ambayo kipimo chake ni sehemu moja ya 24 ya gari halisi, na magurudumu yake yote manne huvuta. Udhaifu wake, nao ni mashuhuri miongoni mwa mashabiki, umo katika kimota kigeuzacho usukani: meno yake ya plastiki huvunjika gurudumu likibanwa baina ya mawe mawili na mtoto, kwa ukaidi wa kitoto, akazidi kukaza. Badala yake hutiwa chenye meno ya chuma, na hapo pesa haikupotea.

Vipande vya shaba ya manjano vifungwavyo kwenye ekseli na magurudumu huteremsha uzito chini, kigari kikashikilia mwinamo ambao hapo kwanza kingeanguka kinyumenyume. Ila uzito ukizidi, mota na gia ndizo zitaabikazo. Mimi ningeanza na usukani, kisha shaba kidogo upande wa mbele, na vipuri vya alumini vya urembo tu ningeviacha dukani. Na betri ya lithiamu ya kigari, hasha, asiachiwe mtoto kuichaji peke yake.