Mpiga Mbiu wa Mishipa ya Damu

"Mjomba, kwa nini mtoto mwingine akipanda kilima kidogo tu anahema kama amebeba gunia?"

Swali zuri hilo, mpwa wangu! Anayeuliza hivyo ana macho ya kuona wenzake. Sogeeni karibu, wote.

Mnaijua njia yetu ya kupandia mashambani hapa Kinole. Huku migomba, kule michungwa, na pilipili manga imekumbatia mti wake. Njia ikiwa wazi, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani anapita vizuri. Sasa kila mwenye shamba apande shina moja njiani. Mwaka huu shina moja, mwakani jingine. Mama atapitaje? Atasukuma majani kwa bega, na atachoka kabla hajafika sokoni.

Ndani ya kifua mna njia za namna hiyo. Ni mishipa inayotoa damu moyoni na kuipeleka kwenye mapafu ikachukue oksijeni. Kuta zake ni seli, ndogo mno, hazionekani kwa macho. Seli zikiongezeka kupita kiasi, ukuta unanenepa na njia inabana. Upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu hiyo, nao una ukuta mwembamba. Haukuumbiwa mzigo mzito. Unasukuma, unatanuka, unachoka. Huo ndio ugonjwa wa shinikizo la juu la damu kwenye mapafu. Kile kipimo cha presha kinachofungwa mkononi hakiuonyeshi.

"Mjomba, nani anazikataza seli zisivuke mpaka?"

Ah, hapo ndipo penye utamu! Yupo mpiga mbiu. Ni protini, na jina lake ni BMP9. Msikilizeni mwenyewe:

"Mimi nazaliwa kwenye ini. Natembea na damu, mchana na usiku. Nikifika kwa seli za ukuta wa mshipa nasema: tulia, usivuke mpaka. Nikifika kwa jirani yake nasema: tulia, usivuke mpaka."

"Na seli inasikiaje? Ina masikio?"

Inayo, mwanangu! Sikio la seli ni protini nyingine, iliyokaa juu yake kama kipokezi. Mojawapo inaitwa BMPR2. Mwaka 2000 wanasayansi waligundua kwamba katika baadhi ya familia zenye ugonjwa huu, jeni ya BMPR2 ina hitilafu. Mpiga mbiu anapita, anaita, lakini hasikiki vizuri. Na yupo mwenzake, aktivini, anayesema: ongezekeni, ongezekeni! Aktivini si adui, maana mwili unamhitaji. Lakini sauti yake ikimzidi BMP9, migomba inaingia njiani.

"Basi tuwape wagonjwa BMP9 nyingi!"

Umewaza kama mtafiti! Mwaka 2015 watafiti wakiwemo wa Cambridge, Uingereza, walichapisha habari za wanyama wa maabara waliopewa BMP9, na ugonjwa ukarudi nyuma. Kwa binadamu wamepita njia nyingine. Machi 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sotatercept. Hiyo inamnasa aktivini kabla hajaifikia seli, ili sauti ya utulivu isikike tena. Mimi nafurahi sana nikifikiria jambo hili. Zamani dawa zilijitahidi zaidi kuilegeza mishipa iliyobana. Hii inagusa mazungumzo yenyewe ya seli.

Lakini si kila mgonjwa amerithi sikio bovu. Wapo watoto wanaozaliwa na tundu kwenye moyo. Damu nyingi mno inakimbilia mapafuni, inasukuma kuta mwaka baada ya mwaka, na kuta zinanenepa. Tundu kubwa likizibwa mapema, mishipa inaokoka. Likiachwa miaka mingi, kuta zinakuwa ngumu kiasi kwamba hata kuliziba hakusaidii tena. Ndiyo maana nasisitiza mapema! Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ambako madaktari huziba matundu hayo. Mengine huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa, bila kupasua kifua.

Na kipimo cha kuanzia ni ECHO. Daktari anapaka mafuta baridi kifuani, anapitisha kifaa kidogo, na moyo unaonekana kwenye skrini ukidunda. Hakiumi hata kidogo.

Kwa hiyo wapwa zangu, mwenzenu akisimama katikati ya kilima, anahema, midomo imekuwa ya bluu, au akianguka na kuzimia anapocheza, msimwite mvivu. Mshikeni mkono, mpeni nafasi akae, kisha kamwambieni mtu mzima siku hiyo hiyo ampeleke zahanati.