Namna ya Kutengeneza Onyesho la Picha Zenye Mwendo kwa Kompyuta



Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja na wazazi na walezi wenu, kila mwaka yanapokaribia mahafali huwa mnatuuliza: je, zile picha zilizopigwa mwaka mzima zitaonyeshwa vipi mbele ya wageni? Picha zimo ndani ya simu za watu mbalimbali. Simu ikiharibika au ikiuzwa, picha nazo zimekwenda. Makala hii inakusudia kueleza, hatua kwa hatua, namna ya kuzikusanya picha hizo na kuzifanya onyesho fupi lenye mwendo na sauti, kwa kutumia programu ambayo tayari imo katika kompyuta nyingi.

MAANA NA ASILI YAKE

Neno slaidi limetokana na vipande vidogo vya filamu vilivyokuwa vikiingizwa kimoja kimoja ndani ya mashine yenye taa, na picha ikaonekana ukutani. Kompyuta zilipoenea, kazi hiyo ilihamia kwenye programu. PowerPoint, ambayo ndiyo maarufu zaidi, ilitoka mwaka 1987, na mwaka huohuo ikanunuliwa na kampuni ya Microsoft. Ipo pia Impress, iliyo ndani ya LibreOffice, nayo hutolewa bure. Inafaa mjue kuwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani seti ya programu za ofisini yenye maelekezo ya Kiswahili. Kwa hiyo kazi hii si ngeni kwa lugha yetu.

Ama kuhusu mwendo, watengenezaji wa filamu waligundua zamani kwamba picha tuli hupata uhai kamera ikiisogelea polepole au ikipita juu yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Filamu ya Kanada iitwayo City of Gold, ya mwaka 1957, ilitumia njia hiyo kwa picha za kale. Baadaye Mmarekani Ken Burns akaitumia sana katika filamu zake za historia, hata njia yenyewe ikaitwa kwa jina lake. Njia hiyo ndiyo tutakayoifundisha hapa, kwa kuwa ina utulivu na heshima.

HATUA YA KWANZA: CHAGUENI HADITHI KABLA YA PICHA

Onyesho si gunia la kutia kila kitu. Amueni kwanza mnataka kumweleza nini mtazamaji. Tuchukue mfano wa onyesho liitwalo "Kasulo Yetu". Linaweza kupangwa hivi:

1. Maporomoko ya Rusumo na mto Kagera, kisha daraja jipya la mpakani lililofunguliwa rasmi mwaka 2016.
2. Barabara kuu itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, na malori yanayopita K9 na Benaco kuelekea Rwanda na Burundi.
3. Yaliyotokea hapa mwaka 1994.
4. Madrasa: majengo, walimu, darasa la asubuhi na la jioni.
5. Wahitimu wa mwaka huu.

Sehemu ya tatu inahitaji uangalifu. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa wingi usiowahi kuonekana. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikadiria kuwa watu wapatao 250,000 waliingia ndani ya saa 24. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache tu. Wakimbizi hao wa Rwanda walirudi kwao Desemba 1996. Vijana wengi wa leo hawakuwapo, lakini wazazi wao walikuwapo. Wapo waliogawana maji na chakula, wapo walioona miti ya vilimani ikiisha kwa kuni. Mkipata kwa mzee picha ya kilima cha wakati ule, nendeni mkasimame palepale mpige nyingine ya leo. Picha mbili za mahali pamoja, moja ikififia na nyingine ikijitokeza, humweleza mtazamaji kuliko maneno ya kurasa kumi.

HATUA YA PILI: KUSANYENI NA KUSAFISHA PICHA

Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Ikiwezekana itoeni kwenye simu kwa waya au kwa memori kadi. Mkilazimika kutumia WhatsApp, itumeni kama hati, si kama picha.

Picha za karatasi za wazee zipitisheni kwenye skana. Picha ndogo ya ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 iskaniwe kwa kipimo cha dpi 600, ili ipatikane nafasi ya kuisogelea bila kuchuja. Pasipo skana, iwekeni picha juu ya meza karibu na dirisha, isipigwe na jua moja kwa moja, mzime taa ya simu, na simu iwe sambamba na karatasi. Baada ya hapo mrudishieni mwenyewe picha yake siku hiyohiyo. Pengine ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani ya sura ya mzazi wake.

Tengenezeni folda moja, na kila picha ipewe namba mbele ya jina: 01, 02, 03 na kuendelea. Kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano huo.

Jambo la ukubwa nalo ni muhimu. Picha ya simu ya siku hizi huweza kuwa na upana wa nukta 4,000 na uzito wa MB 4. Picha 40 za namna hiyo ni MB 160, na kompyuta ya zamani itakwama katikati ya shughuli. Kioo cha kawaida cha runinga kina upana wa nukta 1,920 tu. Hivyo mkizipunguza hadi upana wa nukta 2,200 hivi, zinatosha, na bado kuna akiba ya kuzisogeza. PowerPoint yenyewe ina kitufe cha "Compress Pictures" kwa kazi hii, ila hakikisheni nakala halisi zimehifadhiwa pembeni.

HATUA YA TATU: KUINGIZA PICHA

Katika PowerPoint bofya "Insert", kisha "Photo Album", uchague picha zote kwa mkupuo. Kila picha itakaa kwenye slaidi yake. Impress nayo ina nafasi kama hiyo ndani ya "Insert", penye "Media".

Angalieni umbo la slaidi mapema. Runinga bapa ni 16 kwa 9. Projekta nyingi za zamani ni 4 kwa 3. Ukibadilisha umbo baada ya kumaliza kazi, mpangilio wote huvurugika.

Picha ikiwa haijai, msiivute upande mmoja tu. Mtu mwembamba atakuwa mnene, na watoto watamcheka mzee wa watu. Ivuteni kwa kona, kisha mkate kinachozidi. Picha iliyosimama wima iwekwe katikati, na pembeni ibaki rangi nyeusi.

HATUA YA NNE: KUTIA MWENDO

Hapa ndipo wengi huharibu. Programu ina mbwembwe nyingi: picha huruka, huzunguka, hudunda kama mpira. Mtazamaji huanza kutazama mbwembwe na kuacha kutazama picha. Hebu fikirini sura ya mwalimu aliyetangulia mbele ya haki ikidundadunda ukutani, na mjane wake ameketi safu ya mbele. Hilo halifai.

Tumieni mambo matatu tu.

Kwanza, mpito wa kufifia kati ya slaidi moja na nyingine. Bofya "Transitions", chagua "Fade", weka muda wa sekunde 1.5, kisha ukubali itumike kwa slaidi zote.

Pili, kusogelea. Bofya picha, nenda "Animations", chagua "Grow/Shrink". Programu yenyewe hukuza hadi asilimia 150, nayo ni nyingi mno. Weka asilimia 112, muda wa sekunde 7, na uchague "With Previous" ili ianze bila kusubiri kubofywa.

Tatu, kupita juu ya picha. Hii inafaa picha ndefu, kama ile ya wanafunzi wote wamepanga safu. Ikuzeni picha mpaka izidi slaidi kwa upana, kisha tumieni "Motion Paths", mstari ulionyooka, iende polepole kutoka kushoto hadi kulia. Picha isipozidi slaidi, ikisogea itaacha pengo tupu pembeni.

Mwendo uwe na maana. Mkitaka mtazamaji aone uso, sogeleeni uso. Mkitaka aone wingi wa watu, anzeni karibu kisha mrudi nyuma.

HATUA YA TANO: MUDA NA MAANDISHI

Ndani ya "Transitions" ondoeni alama penye "On Mouse Click", mweke alama penye "After" na sekunde 6. Msihofu kwamba muda huo ni mfupi kuliko mwendo wa sekunde 7, kwani slaidi haihami mpaka mwendo wake uishe. Picha 40 kwa sekunde 7 au 8 kila moja ni kama dakika 5. Zaidi ya dakika 7 wageni huanza kupiga soga.

Maandishi yawe machache: mahali, mwaka na tukio. Herufi ziwe kubwa, zisomwe na aliye safu ya nyuma. Ama aya za Qur'ani, zikiwekwa, zikae tuli kwenye slaidi yake peke yake. Zisirushwe, zisizungushwe, wala zisiwekwe juu ya sura za watu. Zihakikiwe na mwalimu kwenye msahafu kabla ya kuonyeshwa, maana kompyuta isiyo na herufi za Kiarabu zilizokusudiwa huweza kubadilisha mwonekano. Njia salama ni kuigeuza aya iwe picha.

HATUA YA SITA: SAUTI

Kaswida iliyosomwa na wanafunzi wenyewe inapendeza kuliko sauti ya kuazima. Mrekodi kwa simu ndani ya chumba chenye mikeka na mapazia, ili sauti isirudi kama ndani ya mtungi. Iingizeni kwa "Insert", penye "Audio", kisha mchague "Play in Background" ili iendelee kwa slaidi zote. Tilawa ya Qur'ani tunashauri isiwe sauti ya nyuma ya picha, kwa sababu ukumbini watu huongea na kucheka. Tilawa ina nafasi yake katika ratiba.

RIDHAA YA WATU

Si kila picha iliyopigwa inaruhusiwa kuonyeshwa. Ombeni ruhusa ya mzazi kwa kila mtoto. Mama au dada asiyetaka picha yake ionekane, iondolewe bila mjadala. Nchi yetu pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo imelipa uzito suala la ridhaa. Picha za wakimbizi mlizozipata kwenye intaneti zina wenyewe waliozipiga. Andikeni majina yao, na mziache zile zinazomdhalilisha mtu katika shida yake. Huenda ndugu yake amekaa humohumo ukumbini.

SIKU YENYEWE

Geuzeni onyesho kuwa vidio: "File", "Export", kisha "Create a Video", ubora wa 1080p, au 720p kama kompyuta ni dhaifu. Faida yake ni kwamba runinga nyingi husoma faili la MP4 kutoka flashi diski, lakini hazisomi faili la PowerPoint. Impress haina kitufe cha kugeuza vidio, kwa hiyo anayeitumia aje na kompyuta yake.

Projekta haishindani na jua. Chini ya turubai mchana, picha itakuwa kivuli tu. Onyesheni ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, au baada ya Maghrib, au tumieni runinga. Kompyuta iwe imechajiwa, na jenereta ijaribiwe siku moja kabla. Muwe na nakala kwenye flashi diski mbili zilizobebwa na watu wawili tofauti. Ukitumia PowerPoint yenyewe, F5 huanzisha onyesho, na herufi B hufanya kioo kuwa cheusi pale mgeni rasmi anapoingia au adhana inapoanza.

Mwisho, tunawanasihi msizifute picha baada ya mahafali. Kila familia ichukue nakala, na madrasa ibaki na yake, ikiwa na majina, mahali na tarehe. Wazee waliouona mwaka 1994 wanapungua mwaka hadi mwaka. Atakayekuja kuuliza Kasulo ilikuwaje, ajibiwe na nini kama si na kumbukumbu mtakazoziweka ninyi?