Shilingi 500 za Kibandani

Sogeeni, wajukuu zangu. Kisa cha leo ni cha kutunga, ila mambo yake mnayaona kila siku hapa kwetu Daudi.

Palikuwa na kwaya moja iliyotamani kurekodi. Wanakwaya wakachangishana mwaka mzima: huyu debe la maharage, yule kitunguu saumu, mama mmoja akatoa kondoo. Pesa zilipotimia wakapanda basi hadi Arusha, wakalala kwenye mabenchi ya studio kwa kuwa nyumba ya wageni haikuwamo kwenye bajeti, wakarudi na nyimbo nane na deni. Jumapili wakauza CD chache baada ya ibada. Mnunuzi mmoja akaipitisha yake kwa kijana wa kibandani, yule anayechaji simu na kujaza nyimbo kwenye memori kadi. Siku ya mnada, kila aliyefika na kadi yake alijaziwa zote nane, na Bongo Fleva za nyongeza juu yake, kwa shilingi 500. Haikupita muda nyimbo zikawa zinalia Dongobesh, zinalia Haydom, zinalia kwenye bodaboda za Katesh. Deni la studio liko palepale.

"Lakini Babu, kijana hakuiba! CD ya kwaya bado iko kabatini."

Swali zuri. Mbuzi wako akichukuliwa usiku, asubuhi zizi lina pengo. Wimbo hata unakiliwe mara elfu, mwenyewe bado anao, na jioni anauimba kama kawaida. Ndiyo maana watu waadilifu kabisa, wasiogusa hata hindi la jirani, wananakili nyimbo bila kuona haya. Mimi siwaiti wezi. Ila zifuateni pesa, wajukuu. Mwenye kibanda kapata 500 zake. Aliyeuza memori kadi kapata. Anayepakua mtandaoni naye ameshanunua bando, kwa hiyo kampuni ya simu imepata. Wimbo tunaouita wa bure umelipiwa njia nzima, na pesa zimewafikia wote isipokuwa walioimba.

Sasa sheria. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999. Inasema wimbo ni wa aliyeutunga maisha yake yote, na akifa, warithi wake wanaendelea kuufaidi kwa miaka 50. Anayetaka kuunakili na kuusambaza aombe ruhusa. Hata hivyo imeacha mlango mdogo: kazi iliyokwisha kutolewa kihalali, mtu anaweza kuinakili kwa matumizi yake binafsi. Shangazi aliyenunua CD ya kwaya akajiwekea nyimbo kwenye simu yake ili asikilize akipalilia, hana kosa. Kijana wa kibandani hawezi kupita mlango huo, maana yeye anauza.

Wakubwa nao hubanwa, msidhani ni vibanda tu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kuwa nyimbo zao mbili zilitumika kama miito ya simu bila idhini yao. Kampuni ikakata rufaa, na kesi za namna hiyo huchukua miaka. Huyo MwanaFA mwaka 2023 akateuliwa naibu waziri wa wizara yenyewe ya sanaa. Dunia hii!

Je, kupakua bure kuhalalishwe? Mbona kupo kwa halali tayari? Tovuti ya Mdundo, iliyoanzia Nairobi, inakuruhusu kupakua wimbo bila kutoa senti. Unasikilizishwa tangazo, mwenye tangazo ndiye anayelipa, na sehemu ya pesa inakwenda kwa msanii aliyekubali nyimbo zake ziwekwe humo. Mwaka 2020 kampuni hiyo iliingia kwenye soko la hisa la Copenhagen, huko Denmark. Kwa hiyo neno "bure" halinitishi. Ninachouliza ni kama mwenye wimbo aliridhia. Mtoto anayepakua wimbo mmoja asikilize akichunga, sheria imwache. Iwashike wanaochuma kwa sauti ya mwingine, wawe na kibanda au wawe na tovuti.

Mwaka 2023 Bunge liliweka tozo ya hakimiliki kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia kazi za sanaa. Hilo nimelipenda, kwa sababu linamgusa hata muuza kadi. Lakini kwaya isiyosajiliwa popote itagawiwaje? Kwaya yetu haikuwa na subira ya kuingoja tozo hiyo. Mwenyekiti alikwenda kibandani, akakaa kwenye kreti la soda, wakapatana: katika kila 500, 200 ni za kwaya. Kijana akakubali kwa sharti moja, kwamba kibanda chake kitajwe mwanzoni mwa wimbo wa kwanza. Wazee wa kanisa walilijadili hilo vikao vitatu.

Zipo pia kazi zisizo na mtunzi wa kumtaja. Sisi Wairaqw tuna slufay: mzee anasimama, anaomba mvua, amani na uzao kwa maneno yaliyopangika kama shairi, na watu wanaitikia. Nani ameitunga? Wa jana aliipokea kwa wa juzi, naye akaongeza lake. Hakuna aliyewahi kutozwa kwa kuisikiliza. Lakini mtu wa studio akija na kinasa sauti, akaiwekea midundo, akaiuza? Sheria ile ya 1999 imezilinda pia sanaa za jadi, na anayetaka kuzifanyia biashara anapaswa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Nilimweleza hivyo mzee mmoja jirani yangu. Akafikiri kidogo, halafu akaniuliza kama hao BASATA wanajua kuitikia.